Prosija Ndefu za Hifadhidata na Huduma za Wavuti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanaoandika mifumo hapa Mombasa: ya yadi za makontena, mawakala wa forodha, sako, hospitali na maduka ya jumla. Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Chukua yadi ya Changamwe yenye makontena 6,000. Mwezi ukiisha, karani wa hesabu hubonyeza "Kokotoa ada", na prosija moja (mlolongo wa amri uliohifadhiwa) ndani ya hifadhidata hupitia rekodi 180,000, moja kwa kila kontena kwa kila siku. Huondoa siku za bure, huzidisha ada ya siku zilizobaki, kisha huandika ankara. Tuseme kazi nzima inachukua dakika 14.

Tukisema *kibarua*, tunamaanisha programu inayokaa kando ya huduma ya wavuti, ikichukua kazi moja moja kutoka kwenye foleni na kuzitenda. Amri zilizoandikwa hapa ni za PostgreSQL. Penye tofauti kubwa na hifadhidata nyingine, tumeitaja.

Mbona ukurasa unaleta kosa 504 (muda wa kungoja umeisha) baada ya dakika moja, na ankara zinaonekana baadaye?

Kwa sababu zilizokata tamaa ni programu za njiani, kati ya kivinjari na hifadhidata, si hifadhidata yenyewe. Nginx, seva inayopokea maombi mbele ya huduma, isipobadilishwa hungoja sekunde 60 bila kupokea chochote kutoka kwa huduma iliyo nyuma yake, kisha humrudishia mtumiaji 504. Gunicorn, inayoendesha huduma za Python, huua mchakato wake baada ya sekunde 30. Kwenye .NET, amri ya hifadhidata hukatwa baada ya sekunde 30. Kila kituo cha njiani kina saa yake, na iliyo fupi kuliko zote ndiyo inayoamua.

PostgreSQL kwa kawaida haitambui kwamba aliyeuliza ameondoka mpaka ijaribu kumtumia jibu. Prosija inaendelea kusaga. Kuanzia toleo la 14 kuna mpangilio `client_connection_check_interval` unaoifanya iangalie mara kwa mara kama mteja bado yupo, lakini huja ukiwa umezimwa. Matokeo yake ni haya: karani anaona kosa, anabonyeza tena, na sasa prosija mbili zinagombania rekodi zilezile. Akibonyeza mara ya tatu, mfumo mzima unakuwa mzito na lawama zinaelekezwa kwa intaneti.

Si niongeze tu muda wa kungoja uwe dakika 20?

Ikiwa kazi inapita kikomo kwa sekunde chache tu na anayeitumia ni mtu mmoja wa ofisini, ongeza na uendelee na mambo mengine. Si kila kitu kinahitaji foleni.

Kwa kazi ya dakika 14, hapana. Kila ombi linalongoja linashikilia muunganisho mmoja wa hifadhidata. PostgreSQL huja na kikomo cha miunganisho 100, na huduma nyingi hujiwekea akiba ya 10 au 20 tu. Makarani kumi wakiomba ripoti nzito kwa pamoja, dereva aliye getini anayetaka kuangaliziwa kontena moja tu naye anangoja, ingawa swali lake ni la milisekunde tano. Zaidi ya hayo, muunganisho wa dakika 14 hauna maisha marefu kwenye simu: mtu akitoka kwenye wifi ya ofisini na kupanda feri ya Likoni, simu inahamia mtandao mwingine na ombi linakatika. Na ukiweka toleo jipya la huduma katikati ya hesabu, yote yaliyokuwa yakingojewa yanapotea.

Mpangilio unaofaa ni upi?

Ushautumia kila siku. Mfumo ukituma ombi la malipo kwa M-Pesa kupitia API ya Daraja, haungoji mpaka mteja aweke PIN. Unapewa hapo hapo namba ya ombi, `CheckoutRequestID`, na matokeo huletwa baadaye kwenye anwani uliyoitaja. Prosija ndefu inahitaji adabu hiyohiyo: kwanza stakabadhi, kazi baadaye.

Kwa lugha ya HTTP, mambo huenda hivi. Karani anatuma POST. Huduma inaandika rekodi moja kwenye jedwali la kazi, inathibitisha muamala (`COMMIT`, yaani rekodi imehifadhiwa kabisa), na kurudisha jibu 202 (ombi limepokelewa) lenye kichwa `Location` kinachoonyesha anwani ya hali ya kazi, mfano `/kazi/7f3c…`, pamoja na `Retry-After: 5`. Yote haya yasizidi sehemu ya kumi ya sekunde. Kibarua kinaichukua kazi. Kivinjari kinauliza hali kila baada ya muda, na kazi ikikamilika kinajibiwa 303 (nenda anwani nyingine) yenye anwani ya matokeo.

Shikilia hili kuliko yote: rekodi iandikwe na kuthibitishwa *kabla* ya karani kupewa 202. Ukijibu kwanza kisha uandike, ipo siku seva itazimika kati ya hayo mawili, na karani atabaki na stakabadhi ya kazi isiyokuwepo.

Jedwali la kazi liwe na nini?

```
CREATE TABLE kazi (
  id          uuid PRIMARY KEY DEFAULT gen_random_uuid(),
  aina        text NOT NULL,
  ufunguo     text NOT NULL,
  vigezo      jsonb NOT NULL,
  hali        text NOT NULL DEFAULT 'inangoja',
  majaribio   int NOT NULL DEFAULT 0,
  mwombaji    bigint NOT NULL,
  iliombwa    timestamptz NOT NULL DEFAULT now(),
  ilianza     timestamptz,
  pigo        timestamptz,
  ilimalizika timestamptz,
  kosa        text
);
CREATE UNIQUE INDEX kazi_hai ON kazi (aina, ufunguo)
  WHERE hali IN ('inangoja', 'inaendelea');
```

Hali ziwe tano, zisizidi: inangoja, inaendelea, imekamilika, imeshindwa, imesitishwa. Usitumie namba 1, 2, 3 kama kitambulisho kinachotoka nje, kwa kuwa mtu atabadilisha 41 kuwa 42 na kusoma kazi ya mwenzake. Hata ukiwa na uuid (kitambulisho kirefu cha nasibu), kila ombi la hali lazima lilinganishe aliyeingia na `mwombaji`.

Karani akibonyeza mara mbili?

Ndiyo kazi ya faharasa (index) ya `kazi_hai` hapo juu. Ufunguo wa hesabu ya mwezi uwe na kile kinachoitofautisha na nyingine, mfano `yadi-3:2025-06`. Bonyezo la pili litagonga kosa 23505 la PostgreSQL, yaani rekodi kama hiyo ipo. Usimwonyeshe karani kosa hilo. Tafuta kazi iliyopo, umrudishie 202 yenye anwani yake, naye ataona maendeleo ya kazi ileile.

Kwa vile sharti linahusu kazi zilizo hai tu, mwezi huohuo unaweza kukokotolewa upya kazi ya kwanza ikishaisha. Kulemaza kitufe kwenye kivinjari ni vizuri, ila hakutoshi: hakuzuii mtu aliyefungua kurasa mbili.

Nizuieje vibarua viwili kuchukua kazi moja?

```
UPDATE kazi
SET hali = 'inaendelea', ilianza = now(), pigo = now(),
    majaribio = majaribio + 1
WHERE id = (
  SELECT id FROM kazi WHERE hali = 'inangoja'
  ORDER BY iliombwa LIMIT 1
  FOR UPDATE SKIP LOCKED)
RETURNING id, aina, vigezo, majaribio;
```

`SKIP LOCKED` inamwambia anayetafuta aruke rekodi iliyoshikwa na mwenzake badala ya kupanga foleni nyuma yake. PostgreSQL inayo tangu toleo la 9.5, MySQL tangu 8.0, na Oracle pia inayo. Kwenye SQL Server hali hiyo hupatikana kwa `READPAST` ikiambatana na `UPDLOCK`.

Thibitisha muamala huu mara moja, *kisha* anza kazi. Wapo wanaouacha wazi kwa dakika 14 ili kufuli libaki kama alama ya kwamba kazi imeshikwa. Hufanya kazi, lakini muamala mrefu unazuia usafishaji wa rekodi zilizokufa (matoleo ya zamani yasiyotumika tena) katika hifadhidata nzima, si jedwali hilo tu. Majedwali yanayobadilishwa sana, kama la magari yanayoingia na kutoka getini, huvimba siku nzima na hujui kwa nini.

Kwa nini nisianzishe tu uzi (thread) wa nyuma ndani ya huduma yenyewe?

Kwa sababu huduma ya wavuti imejengwa ili iuawe wakati wowote. IIS, seva ya wavuti ya Windows, usipoigusa huizima programu isiyopata ombi kwa dakika 20, na huiwasha upya kila baada ya dakika 1,740 hata ikiwa na shughuli. `docker stop` huipa programu sekunde 10 tu kabla ya kuiua. Kubernetes huipa 30. Uzi wako wa dakika 14 hauna wa kuutetea, na ukifa hauachi alama. Karani ataangalia duara likizunguka hadi saa za kufunga ofisi.

Kibarua kikifa katikati, nani atajua?

Hapa ndipo mifumo mingi huvunjika, kwa hiyo tulieleze polepole.

Kibarua kinapofanya kazi, kiandike saa kwenye `pigo` kila sekunde 15. Msimamizi, ambaye anaweza kuwa amri fupi inayoendeshwa kila dakika, hutafuta kazi zenye hali `inaendelea` ambazo pigo lake limepita dakika 2, akazirudisha kwenye `inangoja`. Zikiwa zimeshajaribiwa mara 3, azifanye `imeshindwa` na kuandika kosa.

Mtego wa kwanza: pigo haliwezi kuandikwa kupitia muunganisho ule unaoendesha prosija. Muunganisho huo uko ndani ya `CALL` (amri inayoita prosija) na hausikii kitu kingine. Hata prosija yenyewe ikiandika pigo, wengine hawalioni mpaka muamala uthibitishwe. Matokeo yake, kazi iliyo hai na yenye afya inaonekana imekufa, msimamizi anaianzisha tena, na sasa unazo mbili. Kibarua kiwe na muunganisho wa pili, mdogo, kwa ajili ya pigo pekee. Asilimia ya maendeleo unayotaka kumwonyesha karani ina tatizo hilohilo na dawa hiyohiyo.

Mtego wa pili: kibarua kilichodhaniwa kimekufa kinaweza kuzinduka. Mtandao ulikatika dakika 3, umerudi, nacho kinaendelea kana kwamba hakuna lililotokea, na huku mwenzake ameshaichukua kazi. Ndiyo sababu amri ya kuchukua kazi inarudisha `majaribio`. Kila andiko la baadaye liwe na `WHERE id = … AND majaribio = …`. Aliyepitwa na wakati atagusa rekodi 0, ajue kazi si yake tena, aache.

Mtego wa tatu ni hesabu kufanyika mara mbili. Jedwali la ankara liwe na sharti la upekee kwa kontena, siku na namba ya kazi, na uandishi wake uwe `INSERT … ON CONFLICT DO NOTHING`. Hapo kurudia kipande kilichokwisha hakuongezi hata shilingi moja. Msomaji wa ankara asomeshwe zile tu ambazo kazi yake `imekamilika`, asije akatuma kwa mteja ankara za nusu ya mwezi.

Nigawe prosija vipande vya ukubwa gani?

Anza na rekodi 2,000 kwa kipande, upime. Lengo ni kila kipande kimalizike kati ya sekunde 1 na 5. Kwenye SQL Server kaa chini ya 5,000, kwani amri moja ikishika takriban kufuli 5,000 za jedwali moja, mfumo hujaribu kuzigeuza kuwa kufuli moja la jedwali zima, na wote waliomo hungoja.

Songa kwa kitambulisho cha mwisho ulichofikia: `WHERE id > 48210 ORDER BY id LIMIT 2000`. Usitumie `OFFSET`, kwa sababu kipande cha tisini kitalazimika kuhesabu na kutupa rekodi 178,000 kabla ya kuanza.

Nimeweka COMMIT ndani ya prosija, naletewa "invalid transaction termination". Kosa liko wapi?

Tangu toleo la 11, PostgreSQL inaruhusu prosija kuthibitisha muamala katikati, lakini tu ikiwa `CALL` haiko ndani ya muamala uliofunguliwa na mwingine. Maktaba nyingi hufungua muamala bila kukuuliza. Kwenye psycopg (maktaba ya Python), weka `autocommit = True` kwa muunganisho huo kabla ya kuita.

Likibaki, angalia mambo mawili ndani ya prosija yenyewe. Umeweka `COMMIT` ndani ya sehemu yenye `EXCEPTION`? Hairuhusiwi. Umetangaza prosija kwa `SECURITY DEFINER` au kuiambatanisha na `SET`? Nayo hairuhusiwi. Na kama uliandika `FUNCTION` badala ya `PROCEDURE`, haiwezi kuthibitisha kabisa.

Kumbuka pia kwamba `statement_timeout` huhesabu `CALL` nzima, si kila kipande. Kibarua kipewe jina lake la kuingilia hifadhidata, lenye kikomo chake, tofauti na la huduma ya wavuti.

Je, hifadhidata haina njia yake ya kuendesha kazi kando?

Inayo. Oracle ina `DBMS_SCHEDULER`. SQL Server ina Agent, ambayo kazi zake huanzishwa kwa `sp_start_job`, na ina Service Broker tangu toleo la 2005. MySQL ina matukio ya ratiba. PostgreSQL huongezewa pg_cron, kiendelezi cha ratiba. Zinafaa sana ikiwa kazi yote ni SQL tupu na haihitaji kutengeneza faili au kutuma ujumbe.

Angalia mambo haya tu. Agent haiko kwenye toleo la bure la SQL Server, Express. Pia hukataa kuanzisha kazi ambayo tayari inaendelea, kwa hiyo yadi mbili haziwezi kutumia kazi moja kwa wakati mmoja. Hata ukitumia njia hizi, jedwali la `kazi` libaki. Ndilo karani anauliza.

Nimepanga kazi iende saa nane usiku lakini inaenda saa kumi na moja alfajiri.

pg_cron husoma ratiba kwa saa za GMT isipobadilishwa, nasi tuko mbele kwa saa 3. Ukitaka saa nane usiku ya Mombasa, andika `0 23 * * *`, si `0 2 * * *`. Kwa bahati nzuri hatubadilishi saa msimu kwa msimu, kwa hiyo ukishaipata haitahama.

Lenye hatari zaidi ni tarehe. Kati ya saa sita na saa tisa usiku wetu, seva iliyo kwenye UTC (sawa na GMT) bado iko jana. Hesabu ya mwezi ikiendeshwa saa nane usiku tarehe 1 Julai, `current_date` itajibu tarehe 30 Juni, na "mwezi uliopita" utakuwa Mei. Usiiache prosija ijitafutie mwezi. Mpe mwezi kama kigezo, uliohesabiwa kwa `Africa/Nairobi`.

Kivinjari kiulize hali kila baada ya muda gani?

Sekunde 2 mara tatu za kwanza, kisha 5, kisha 15. Kazi fupi hupata jibu upesi, ndefu haisumbui.

Kibarua nacho kisiulize foleni kila milisekunde. Tumia `LISTEN` na `NOTIFY` (amri za kusikiliza na kutuma taarifa), huku kikiangalia foleni chenyewe kila sekunde 30 endapo taarifa imepotea. `NOTIFY` hufika muamala ukishathibitishwa, na mzigo wake usifike baiti 8,000, kwa hiyo tuma kitambulisho tu. Ukiwa na PgBouncer (programu ya kugawana miunganisho) katika hali ya muamala, `LISTEN` haifanyi kazi. Kibarua kiunganishwe moja kwa moja.

Nahitaji foleni ya nje kama RabbitMQ au SQS?

Kwa kazi mia chache kwa siku, hapana. Ukiwa na foleni ya nje unaandika mahali pawili, na kimoja kinaweza kufaulu kingine kikashindwa. Ukiihitaji, fahamu muda wake wa uvumilivu: SQS humpa mchukuaji sekunde 30 kabla ya kumpa mwingine ujumbe uleule, nawe unaweza kuongeza hadi saa 12. RabbitMQ za karibuni hungoja uthibitisho kwa dakika 30, kisha hufunga njia.

Karani anataka kusitisha.

Kama bado inangoja, badilisha hali tu. Kama inaendelea kwa vipande, prosija iangalie hali kila kipande kinapoisha na kutoka kwa hiari. Hii ndiyo njia safi. Kwa kipande kilichokwama kuna `pg_cancel_backend`, ambayo husimamisha amri na kuacha muunganisho, na `pg_terminate_backend`, inayoukata muunganisho wenyewe. Kabla ya kutumia yoyote, hakikisha kwenye `pg_stat_activity` (orodha ya miunganisho iliyopo) kwamba namba ile ya mchakato bado ni ya kazi hii. Njia rahisi: kibarua kiandike id ya kazi kwenye `application_name`, nawe uitafute kwa jina hilo, si kwa namba uliyoihifadhi dakika 10 zilizopita.

Matokeo yakae wapi, na kwa muda gani?

Madogo yakae kwenye jedwali, faili kubwa zikae kwenye hifadhi ya faili. Siku 7 zinatosha kwa ripoti inayoweza kutengenezwa upya. Baada ya hapo futa na ujibu 410 (haipo tena). Faili zenye majina na simu za wateja ziko chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kwa hiyo usiziache kwenye anwani inayofunguka bila kuingia.

Nijaribu nini kabla ya kuwapa watu?

Anzisha hesabu ya mwezi kwenye seva ya majaribio. Ikifika kama theluthi moja, ua kibarua kwa `kill -9`. Ndani ya dakika 3 kazi iwe imechukuliwa na kingine, na jumla ya ankara ilingane hadi senti na ile ya hesabu isiyokatizwa. Rudia, lakini safari hii kata mtandao wa kibarua kwa dakika 4 kisha urudishe: kile cha zamani kiache chenyewe. Bonyeza kitufe mara kumi kwa haraka, na kwenye jedwali kuwe na rekodi moja.

Mfumo ukishaanza kutumika, weka kengele kwenye kipimo kimoja kabla ya vingine, yaani umri wa kazi kongwe inayongoja:

```
SELECT now() - min(iliombwa) FROM kazi WHERE hali = 'inangoja';
```

Idadi ya kazi kwenye foleni hupanda na kushuka bila neno. Umri ukizidi dakika 20, ama vibarua vyote vimelala au vyote vimeshikwa na kazi zisizokwisha, na swali la kwanza la kuuliza `pg_stat_activity` ni nani anamzuia nani, kwa `pg_blocking_pids`.